Barafu ngumu inatembeaje, na yule mhudumu wa chuo Glasgow alipatia au alikosea?

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Moshi anayemaliza form six, nimelifupisha kidogo: "Mwalimu shikamoo. Nimesoma kwamba wanasayansi wa Uingereza enzi za Malkia Victoria waligombana sana kuhusu barafu za milimani zinavyotembea, wengine wakasema inatiririka, wengine wakasema inavunjika na kuungana. Halafu kuna James Croll, mhudumu wa chuo, akasema zama za barafu zinaletwa na njia ya dunia kulizunguka jua. Naomba kujua barafu ngumu inatembeaje, hayo mambo mawili yanakutana wapi, na Croll alipatia au alikosea? Na kama ni obiti, mbona tunaambiwa joto la sasa ni sisi wenyewe?"

Marahaba mdogo wangu. Swali zuri sana hili na nimelifurahia, kwa sababu watu wengi wakihadithia hiyo historia wanaikata vipande viwili, huku wanaongelea ugomvi wa barafu kule wanaongelea obiti, wakati kwa Croll mwenyewe ilikuwa kitu kimoja. Nitafika huko, ila lazima tuanze na barafu yenyewe, maana usipoelewa ilivyotembea hutaelewa kwa nini watu wazima wenye heshima zao walinuniana mpaka makaburini.

Wenyeji wa milima ya Alps walishajua zamani kwamba mto wa barafu unasogea, jiwe kubwa likikaa juu yake mwaka huu mwakani halipo palepale. Mswisi mmoja, Hugi, alijenga kibanda juu ya barafu ya Unteraar mwaka 1827, na Louis Agassiz, Mswisi mwenzake aliyekuwa anachunguza barafu, alipokwenda kukitafuta kama miaka kumi na kitu baadaye akakuta kimeshuka zaidi ya kilomita moja. Kwa hiyo kwamba inatembea hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa INATEMBEAJE. Ukichukua kipande cha barafu ukakigonga na nyundo kinapasuka kama kioo, sasa kitu cha namna hiyo kinawezaje kupinda kona ya bonde, kikajibana penye wembamba kikatanuka penye upana, na kikafika chini bado kizima?

Agassiz na wenzake walikuwa wanaamini maji yanaingia kwenye nyufa ndogondogo, usiku yanaganda, yakiganda yanatanuka, na kule kutanuka ndo kunasukuma barafu kushuka. Akaja Mskoti, James David Forbes, profesa wa Edinburgh, akasema ngoja tupime. Kiangazi cha 1842 akapanda kwenye barafu ya Mer de Glace juu ya Chamonix na theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, akaweka alama kwenye barafu, akazipima siku kwa siku na hata saa kwa saa. Akakuta kitu ambacho mpaka leo kipo kwenye vitabu vyenu vya jiografia: barafu inakwenda mchana na usiku bila kusimama, kiasi cha sentimita 40 hivi kwa siku pale alipoanzia, katikati inakwenda haraka kuliko kandokando, na siku za joto inaongeza mwendo. Hiyo ya katikati kuzidi pembeni ndo tabia ya mto wa maji kabisa. Na kama kuganda kwa usiku ndo kungekuwa injini yake, mchana wa jua kali ingepaswa kusimama, sasa haikusimama. Kwa hiyo Forbes akatangaza kwamba mto wa barafu ni kimiminika kizito chenye mnato, kinashuka kwa uzito wake chenyewe, ila polepole mno. Kitabu chake kikatoka 1843.

Mimi kwa upande wangu naona hapo Forbes alikuwa ameshafanya kazi kubwa kuliko wote waliofuata, kwa sababu alikuwa na namba. Na kuna tukio moja lilikuja kumpa nguvu sana. Mwaka 1820 waongozaji watatu walifukiwa na maporomoko ya theluji juu Mont Blanc, wakatumbukia kwenye ufa na hawakuonekana tena. Forbes kwa hesabu zake za mwendo wa barafu akakisia kwamba mabaki yao yatatokea chini baada ya kama miaka 40. Mwaka 1861 yakaanza kutokea kwenye mdomo wa barafu ya Bossons, kilomita kadhaa kutoka walipoangukia, na walikuwepo wazee Chamonix waliowafahamu wakiwa hai.

Lakini watu hawakuridhika na neno "mnato", na walikuwa na sababu. William Hopkins wa Cambridge alikuwa anasema barafu inateleza tu kama gogo, akaweka vipande vya barafu juu ya jiwe lililoinamishwa kidogo sana na kweli vikateleza taratibu. Halafu akaja John Tyndall, Mwairishi, mtu wa Royal Institution ya London, mpanda milima hodari na mwenye ulimi mkali. Mwaka 1856 alienda Alps na mwanabiolojia Thomas Huxley, mwaka uliofuata wakatoa andiko lao. Hoja ya Tyndall ilikuwa hivi: kitu chenye mnato ukikivuta kinarefuka, lami ukiivuta inarefuka, sasa barafu ukiivuta inapasuka, na ndo maana mito ya barafu imejaa nyufa za kutisha mpaka inameza watu. Kwa hiyo haitiririki. Kinachofanyika ni kwamba inavunjika vipande vidogovidogo na vipande vinagandana upya, vinavunjika tena vinagandana tena, ukiangalia kwa mbali unadhani inatiririka.

Hiyo ya kugandana upya hakuitunga kichwani. Michael Faraday alionyesha 1850 kwamba vipande viwili vya barafu inayoanza kuyeyuka ukivigusanisha vinashikana. James Thomson, ndugu wa yule aliyekuja kuwa Lord Kelvin, alikuwa ameshapiga hesabu 1849 kwamba ukiigandamiza barafu inayeyuka kwenye joto la chini kidogo ya sifuri, ukiachia inaganda tena, na ndugu yake akahakikisha kwa majaribio. Hata wewe unaweza kufanya nyumbani, gandisha donge kubwa la barafu kwenye friji, liweke juu ya ncha za viti viwili, pitisha waya mwembamba juu yake na ufunge vitu vizito kila upande. Waya utapita katikati ya donge taratibu mpaka utoke chini, na donge litabaki zima. Tyndall yeye alitumia mashine ya kugandamiza, akaminya barafu ndani ya vibao vilivyochongwa ikatoka na umbo la kikombe na maumbo mengine.

Sasa tatizo ni kwamba ugomvi haukubaki wa hoja. Tyndall akaandika kwenye kitabu chake cha 1860 kwa namna iliyoonyesha kwamba mawazo makubwa ya Forbes yalikuwa yameshasemwa na askofu Rendu wa Annecy kabla yake na kwamba Forbes hakumpa haki yake. Ni kweli Rendu aliwaza barafu kama mto, ila hakupima kama Forbes alivyopima. Na mwaka 1859 jina la Forbes lilipopelekwa kwa ajili ya medali ya Copley, ile kubwa kabisa ya Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi Uingereza, Huxley alipinga na Forbes hakuipata. Forbes akafa mwisho wa 1868, marafiki zake wakaandika maisha yake wakirudisha mapigo, Tyndall naye akajibu, yaani mpaka 1873 watu wanabishana juu ya marehemu. Nakwambia haya kwa sababu unatakiwa ujue kwamba Tyndall na Forbes walikuwa karibu sana kuliko walivyodhani, lakini kila mmoja alishikilia neno lake. Forbes alikuwa anajieleza wazi kwamba barafu ikilazimishwa haraka inapasuka, ikipewa muda inajivuta. Angesikilizwa hapo tungeokoa miaka mingi.

Halafu ikaja hoja iliyoonekana kuwazika wote. Kuna padri wa Kianglikana ambaye pia alikuwa mwanahisabati, Henry Moseley, huyu alikuwa anaona mabati ya risasi kwenye paa la kanisa kuu la Bristol yanashuka taratibu mwaka hadi mwaka, kwa sababu jua likiwaka yanatanuka, baridi ikija yananywea, na kila mara yanatanuka zaidi kuelekea chini kuliko juu. Akasema barafu nayo iko hivyohivyo. Mwaka 1869 akaja na kipimo: akachukua barafu akapima nguvu inayotakiwa kuikata tabaka moja liteleze juu ya lingine, akalinganisha na nguvu ya uzito wa mto wa barafu kwenye mteremko wake, akakuta uzito hautoshi hata kidogo, barafu ni imara mara nyingi mno kuliko inavyotakiwa. Maana yake uvutano peke yake hauwezi kuishusha barafu! Lazima kuna kitu kingine kinasaidia.

Hapa ndo anaingia Croll, na hapa ndo swali lako la pili lilipo.

James Croll alizaliwa 1821 huko Perthshire, Scotland, familia ya wakulima wadogo maskini. Shule alisoma kidogo sana. Akawa fundi wa mashine za vinu, akaacha, akawa seremala, kiwiko kikaharibika ikabidi aache, akafungua duka la chai likafa, akafungua hoteli isiyouza pombe nayo ikafa, akauza bima, kazi aliyoichukia kwa moyo wote kwa sababu alikuwa mtu mpole na wa aibu. Mwaka 1859 akapata kazi ya uhudumu wa jengo kwenye chuo cha Anderson pale Glasgow, mshahara mdogo, lakini chuo kilikuwa na maktaba, na ndugu yake alikuja kumsaidia baadhi ya kazi ili yeye apate muda wa kusoma. Mwenyewe alisema ni kazi iliyomfaa kuliko zote alizowahi kufanya. Alisoma fizikia ya joto, Joule, Faraday, huyohuyo Tyndall, na Agosti 1864 akachapisha andiko lake la kwanza kubwa kuhusu obiti na tabia ya nchi kwenye jarida la Philosophical Magazine. Watu wakadhani ni profesa. Mwaka 1867 akachukuliwa na idara ya upimaji wa jiolojia ya Scotland, 1875 kikatoka kitabu chake Climate and Time, 1876 akaingia Royal Society. Mzee Lyell, mwanajiolojia mkubwa wa wakati ule, alikuwa anamwandikia barua, Darwin alikuwa anamwandikia barua.

Kwenye barafu Croll alimkubalia Moseley kwamba uzito peke yake hautoshi, ila akamkatalia hiyo ya kutanuka kama bati, akasema kinachosaidia ni joto. Joto linaingia kwenye barafu, molekuli moja inalipokea inakuwa kama imeyeyuka kwa kitambo kidogo sana, pale inapoteza ushikamano wake na jirani, uzito unaishusha, halafu inaganda na kulitoa lile joto kwa molekuli inayofuata, na hivyo hivyo joto linapita ndani ya barafu nzima likiilegeza punje kwa punje. Ndo maana, alisema, barafu inakimbia zaidi kiangazi na mchana. Ukiisoma inavutia kweli. Lakini haikuwa sahihi, kwa sababu joto haliwezi kusafiri ndani ya barafu ambayo yote iko kwenye nyuzi sifuri, hakuna tofauti ya kulisukuma, na Croll hakuwa na maabara ya kujaribu. Alikuwa mtu wa kufikiri kwa kalamu.

Na Moseley je? Kosa lake lilikuwa dogo na kubwa kwa pamoja: alipima haraka. Alikata barafu kwa dakika, wakati mlima una miaka. Mwaka 1870 mpanda milima mwingine, William Mathews, aliweka ubao wa barafu juu ya egemeo mbili akauacha, ukapinda katikati kwa uzito wake tu bila kuvunjika. Basi. Hilo jaribio rahisi lilijibu zaidi ya kurasa nyingi za hesabu, lakini ilichukua mpaka miaka ya 1950 John Glen alipoifinya barafu maabara na kupata kanuni yake: barafu ni fuwele nyingi, na fuwele zake zina tabaka zinazoteleza moja juu ya nyingine zikibanwa kwa muda mrefu, na ukiongeza mbano mara mbili mwendo unaongezeka takriban mara nane. Kwa hiyo inajivuta, Forbes. Na chini kwenye sakafu ya mwamba inateleza pia, Hopkins. Na inapokutana na kigongo cha jiwe inayeyuka upande wa mbano na kuganda upande wa pili, James Thomson na Tyndall. Na ule mwendo wa kiangazi unatokana na maji ya kuyeyuka yanayopenya mpaka chini na kuipunguzia barafu msuguano, kwa hiyo hata Croll alikuwa sahihi kwamba joto linahusika, alikosea njia tu. Tyndall mwenyewe alikwenda Mer de Glace mwishoni mwa Desemba 1859 kwenye theluji nzito akapima akakuta inatembea kama nusu ya mwendo wa kiangazi, kipimo cha mtu jasiri na mpaka leo nakiheshimu.

Sasa obiti. Dunia hailizunguki jua kwa duara kamili, ni duaradufu. Kwa sasa mapema Januari tuko kama kilomita milioni 147 kutoka jua na mapema Julai milioni 152. Hii tofauti haidumu milele hivi, sayari nyingine zinaivuta dunia, obiti inarefuka na kurudi kukaribia duara kwa mizunguko ya takriban miaka 100,000, na ikirefuka sana tofauti inaweza kufika karibu kilomita milioni 20. Pia mhimili wa dunia unayumba kama pia ya mtoto inayozunguka, kwa hiyo ule mwezi tunaokuwa karibu na jua unahamahama, mzunguko mzima unachukua zaidi ya miaka 20,000 kidogo. Na mwinamo wenyewe wa mhimili unapanda na kushuka kati ya nyuzi 22 na 24 na nusu hivi kwa miaka 41,000.

Croll hakuwa wa kwanza kuwaza hili. John Herschel aliligusa miaka ya 1830, Mfaransa Adhémar akaandika kitabu 1842. Lakini pingamizi lilikuwa zito: ukipiga hesabu ya joto lote la mwaka mzima, kurefuka kwa obiti hakubadilishi karibu chochote, haifiki hata asilimia moja. Kwa hiyo wengi walifunga faili. Akili kubwa ya Croll ilikuwa kusema ndiyo, jumla ya mwaka haibadiliki, lakini mgawanyo wa misimu unabadilika sana. Obiti ikiwa imerefuka na kizio chako, yaani nusu ya dunia unayokaa, kikapata majira ya baridi wakati dunia iko mbali na jua, baridi hiyo inakuwa kali zaidi na inakuwa ndefu kwa wiki tatu na zaidi. Theluji inaanguka nyingi. Theluji ni nyeupe inarudisha mwanga angani, hewa juu yake inapoa, ukungu unaongezeka, kiangazi kinashindwa kuimaliza. Mwaka unaofuata unaanzia kwenye baridi kubwa zaidi. Halafu, na hapa alijivunia sana, tofauti ya joto kati ya ncha na ikweta inaongezeka, pepo za biashara za upande ule zinapata nguvu, zinasukuma mikondo ya bahari ya joto kwenda kizio kingine, Mkondo wa Ghuba, ule unaopeleka maji ya joto kaskazini mwa Atlantiki, unapungua, kaskazini inazidi kupoa. Yaani chanzo kidogo, halafu matokeo yanarudi kukiongezea nguvu, na kila moja linamchochea mwenzake. Kwangu mimi hili ndo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya. Leo hakuna mtu wa tabia ya nchi anayefanya hesabu bila hayo marejesho, na kabla ya Croll hakuna aliyekuwa ameyaunganisha kwa namna ile.

Yanakutana wapi na mwendo wa barafu? Hapa. Obiti inaweza kukupa theluji, lakini theluji kukaa mlimani haikupi zama za barafu. Ili barafu ifunike nchi lazima itembee, na itembee hata kwenye tambarare. Croll alishughulika sana na udongo wa Caithness, kaskazini kabisa ya Scotland, una vipande vya kombe za baharini ndani yake, watu wakasema ni mafuriko ya bahari yenye siwa za barafu zinazoelea. Yeye akasema mwaka 1870 hapana, ni barafu ya nchi kavu, barafu ya Scandinavia na ya Scotland zilikutana kwenye sakafu ya bahari ya Kaskazini iliyokuwa na kina kifupi, zikaikwangua na kuimwaga Caithness. Jambo la kushangaza sana kwa wakati ule, na kwa sehemu kubwa alipatia. Lakini ili uliseme lazima uwe na nadharia inayoiruhusu barafu kusafiri mamia ya kilomita bila mteremko wa maana chini yake. Hali kadhalika Antaktika: akajiuliza juu ya barafu lazima pawe na mteremko kiasi gani ili itiririke mpaka baharini? Akachukua nusu ya nyuzi, akapiga mpaka Ncha ya Kusini, akapata unene wa maili 12, kama kilomita 19. Tunajua leo barafu nene kuliko zote kule haifiki hata kilomita 5. Inatiririka kirahisi kuliko alivyodhani. Unaona sasa? Akikosea jinsi barafu inavyotembea, anakosea unene, akikosea unene anakosea kina cha bahari na uzito uliohamia kwenye ncha, na hayo yote yalikuwa ndani ya hesabu yake ya tabia ya nchi.

Basi alipatia au alikosea? Alisema zama za mwisho za barafu zilianza kama miaka 240,000 iliyopita zikaisha kama 80,000 iliyopita, kwa sababu hesabu za obiti zilionyesha imerefuka sana kipindi hicho. Wamarekani wakaangalia maporomoko ya Niagara yanavyokula mwamba kurudi nyuma, wakakadiria barafu iliondoka pale kama miaka 10,000 tu iliyopita au pungufu. Hapo ndo nadharia yake ikaporomoka, na alipofariki Desemba 1890 wengi walikuwa wanaiacha. Alikuwa ameshastaafu tangu 1880 kwa maumivu ya kichwa yaliyomtesa miaka mingi, pensheni yenyewe ndogo, na hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Alikosea mawili makubwa. Kwanza alidhani barafu inakuja kaskazini, ikiisha inakwenda kusini kwa zamu, wakati vizio vyote vilipoa pamoja. Pili alisema tatizo ni majira ya baridi makali, baadaye Mserbia Milutin Milanković kati ya 1920 na 1941 akaonyesha kitu muhimu ni kiangazi dhaifu cha kaskazini, theluji ya baridi haipungui sana, swali ni kama kiangazi kitaimaliza, na mwinamo wa mhimili ambao Croll aliupa nafasi ndogo ukapewa uzito wake. Halafu 1976 Hays, Imbrie na Shackleton wakachunguza tope lililochimbuliwa chini ya bahari ya Hindi ya kusini, wakapima viumbe vidogo vilivyomo, wakakuta mizunguko ya takriban miaka 100,000, 41,000 na 23,000, karibu ileile ya obiti. Kwa hiyo mzee wa Glasgow alikuwa ameugusa ukweli. Huo wa 100,000 unasumbua mpaka leo, kwa sababu nguvu yake ya jua peke yake ni ndogo mno, na wataalamu wanaelezea kwa marejesho, barafu kubwa zenyewe, bahari na hewa ukaa. Croll angefurahi.

Na kwa sababu uko Moshi nikuongezee. Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa Rabai karibu na Mombasa aliiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848, na kule London mwanajiografia Cooley, ambaye hakuwahi kufika, akabisha kwa miaka kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mwaka 1893 John Walter Gregory akapanda Mlima Kenya akakuta moreini, yaani malundo ya mawe na kifusi yaliyoachwa na barafu, chini sana ya pale barafu ilipokuwa inaishia wakati ule, ushahidi kwamba hata ikweta ilipoa. Na kwenye Mlima Kenya kuna barafu inayoitwa Tyndall, kwa jina la huyuhuyu tuliyemsema. Ile iliyo juu kabisa ya Kibo kwako hapo haifai sana kujifunzia mwendo, maana imegandia kwenye mwamba na karibu haisogei.

Swali lako la mwisho. Obiti inafanya kazi kwa maelfu ya miaka, na kwa sasa iko karibu na duara na kiangazi cha kaskazini kinatukuta mbali na jua, kwa hiyo kama ingeachwa peke yake tungekuwa tunapoa polepole sana. Badala yake dunia imepata joto zaidi ya nyuzi moja tangu miaka ya 1850. Na jibu alilianza Tyndall, miaka ileile anagombana na Forbes: kati ya 1859 na 1861 alipima maabara kwamba mvuke wa maji na hewa ukaa vinazuia joto lisitoke, na akasema wazi kwamba mabadiliko ya gesi hizo yanaweza kueleza mabadiliko ya tabia ya nchi wanayoyaona wanajiolojia. Mapovu ya hewa yaliyonaswa kwenye barafu ya Antaktika yanaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 hewa ukaa ilikuwa inapanda na kushuka kati ya takriban sehemu 180 na 300 kwa kila sehemu milioni za hewa, ikifuatana na mizunguko ya barafu. Kabla ya viwanda ilikuwa 280, leo imevuka 420, na hiyo ziada inajulikana imetoka wapi, kaboni ya makaa na mafuta ina alama yake tofauti. Ukiulizwa kwenye mtihani andika hivyo, obiti iliamua lini barafu ije na lini iondoke, gesi zikaongeza nguvu, na safari hii gesi zimetangulia bila kuisubiri obiti.